Skripti Ikigoma Kuungana na Hifadhidata, Soma Namba ya Kosa Kwanza

Wanaoanza kuweka skripti za tovuti, yaani programu zilizoandikwa tayari zinazoendesha tovuti, wana tabia moja inayowachosha bure. Skripti ikigoma, wanafuta kila kitu na kuanza upya: mafaili yaleyale, fomu ileile ya usakinishaji, kosa lilelile. Nimeshawasaidia wengi waliokwama hapo, na mara nyingi skripti yenyewe haina neno. Kilichokosewa ni kimoja kati ya vitu vinne: jina la hifadhidata, jina la mtumiaji wake, nywila, au anwani ya seva. MySQL, programu inayoendesha hifadhidata, haifichi ni kipi. Inakutajia kwa namba, ila mtu akiona sentensi ya Kiingereza imejitokeza peke yake kwenye kivinjari, anaingiwa na hofu na haisomi mpaka mwisho.

Kabla ya namba, tenganisha akaunti. Kuna ile unayoingilia kwenye paneli ya kampuni inayokuhifadhia tovuti, kuna mtumiaji wa hifadhidata, na kuna msimamizi wa tovuti utakayemtengeneza skripti ikishakaa. Hao ni watatu, na kila mmoja ana nywila yake. Fomu inapokuuliza nywila ya hifadhidata, haiitaki ile ya paneli. Kwenye cPanel, aina ya paneli inayotumiwa na kampuni nyingi, kuna la ziada: ukiipa hifadhidata jina "duka", kwa kawaida mfumo hutanguliza jina la akaunti yako na mstari wa chini, likawa kama "akaunti_duka". Jina la mtumiaji nalo hivyo hivyo. Jina zima ndilo linalotakiwa, tena linakili na kulibandika, usilitegemee kichwani.

Sasa ukikutana na 1045, MySQL imemkataa mtumiaji mlangoni. Soma mpaka mwisho wa ujumbe. Ukikuta "using password: NO", skripti imetuma nywila tupu, yaani kile ulichoandika hakikufika: pengine ulihariri faili la mipangilio kwenye kompyuta yako ukasahau kulipakia, au skripti inasoma faili jingine kabisa. Ukikuta "YES", nywila imefika ila haikubaliki, au mtumiaji wa jina hilo hayupo.

Kuna mtego mmoja wa 1045 unaowatesa hata wenye uzoefu. Tuseme nywila yako ni Simba$paka9, na kwenye faili la mipangilio imewekwa ndani ya alama mbili za nukuu. PHP, lugha ambayo skripti imeandikwa, ikiona alama ya dola ndani ya nukuu za aina hiyo, inadhani unataja kigezo (jina linalobeba thamani fulani) kinachoitwa $paka9. Inakitafuta, haikioni, inaweka utupu mahali pake. Kinachofika kwa MySQL ni "Simba" tu. Wewe unaitazama nywila, unaiona sahihi herufi kwa herufi, na bado unakataliwa. Tumia nukuu moja moja, 'Simba$paka9', au tengeneza nywila ndefu isiyo na dola.

Namba 1044 inafanana sana na 1045 kwa maneno, ila maana yake ni nyingine: mtumiaji anajulikana, lakini hana ruhusa kwenye hifadhidata uliyoitaja. Kwenye cPanel kutengeneza hifadhidata ni hatua moja, kutengeneza mtumiaji ni ya pili, na kumwongeza mtumiaji kwenye hifadhidata huku ukimpa ruhusa zote ni ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa. Namba 1049 inasema hifadhidata ya jina hilo haipo. Na 2002 ni ya anwani ya seva: kwa kawaida unaandika localhost, lakini kuna kampuni zinazoweka hifadhidata kwenye mashine nyingine, na anwani yake utaikuta kwenye paneli.

Ukifika 1146, furahi kidogo. Muunganisho umekubali, kinachokosekana ni jedwali. Ama hujaingiza faili la .sql lenye majedwali ya skripti kupitia phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata uliomo kwenye paneli, ama kiambishi cha majina ya majedwali, yaani herufi zinazoyatangulia, hakilingani na kilichomo kwenye mipangilio. Faili likikataliwa kwa ukubwa, fahamu kwamba kikomo cha awali cha PHP cha kupakia faili ni megabaiti 2 tu. Libane liwe .zip au .gz ulijaribu tena. Na kama mwanzoni lina mstari wa CREATE DATABASE, ufute pamoja na wa USE, kwa sababu kwenye seva unayochangia na wateja wengine kwa kawaida huna ruhusa ya kuunda hifadhidata kwa njia hiyo.

Ukurasa mweupe usio na neno lolote ni habari nyingine. Hapo PHP imeficha makosa, kwa hiyo fungua faili la error_log ndani ya folda ya tovuti. Ukikuta inalalamikia mysql_connect, amri ya PHP ya kuungana na hifadhidata, skripti hiyo ni ya zamani. Amri hiyo iliondolewa kwenye PHP 7.0, iliyotoka mwaka 2015. Wapo watakaokushauri urudishe PHP ya zamani. Mimi nasema tafuta skripti nyingine, maana isiyoguswa miaka yote hiyo ina matundu mengi ya kiusalama pia.

Tovuti ikishafunguka, futa folda ya install kabla hujafanya kingine chochote. Kwa baadhi ya skripti, ikibaki pale, mgeni yeyote anayeijua anwani yake anaweza kuendesha usakinishaji upya na kujifanya msimamizi. Ruhusa za mafaili, yaani namba zinazosema nani anaweza kusoma au kubadilisha, ziwe 644 na za folda 755. Kama maelekezo uliyofuata yalikutaka uweke 777, inayomruhusu kila mtumiaji wa seva kubadilisha, kila mahali ili mambo yaende, zirudishe leo leo.