Muulize Fundi: Hita ya gesi ndani ya gari la kuoshea vioo

*Shikamoo kaka fundi. Mimi mdogo wako niko Leicester, huu mwaka wa pili naosha vioo vya majumba. Nina gari dogo la mizigo, Berlingo kuukuu, lenye tangi la lita 250, pampu, mpira wa mita 100 na fimbo ya kaboni yenye brashi. Januari iliyopita vidole vilikufa ganzi, mpira ukakakamaa kama nondo, nikapoteza siku sita za kazi. Sasa kuna jamaa ananiuzia hita ya gesi, zile za kuogea watu wakienda kupiga kambi, pauni 90 pamoja na mtungi wake. Yeye aliifunga kwa skrubu ukutani mwa gari, akiwasha anaacha mlango wa pembeni wazi, na anasema miaka mitatu haijamletea shida. Niichukue? Kama siyo, ninunue ipi? Na maji yawe moto kiasi gani?*

Marahaba, mdogo wangu. Usiichukue, hata akikupa bure.

Nyumbani umeshasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, kule Njombe au Mbeya wakati wa baridi, asubuhi majirani wakavunja mlango. Mkaa ule ulikuwa umekolea vizuri, hautoi moshi wa kukohoza. Kilichowamaliza ni monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hita ya kambi ni jiko lilelile, limevaa koti la bati tu. Haina bomba la kutolea moshi kwa sababu imetengenezwa itundikwe nje, kwenye mti au nguzo, hewa chafu itokee juu iende zake. Wewe unataka kuitia ndani ya sanduku.

Huo mlango wa pembeni naujua vizuri. Desemba 2010, ile baridi ambayo Waingereza wenyewe bado wanaisimulia, nilikuwa na hita kama hiyo, nimeifunga kwa mikono yangu na kujisifu. Mlango wazi, kazi inakwenda. Saa saba mchana nikaingia mbele kunywa chai, nikafunga milango yote kwa sababu ya upepo, na hita nikaiacha inawaka ili mpira usigande. Kati ya kiti changu na mzigo kulikuwa na ubao wa plaiwudi, nikaona huo ni ukuta. Chai haikufika nusu, kichwa kikaanza kugonga. Nikasema ni njaa. Nikataka kulala kidogo. Kilichoniokoa ni simu ya mteja kuniuliza kama nimesahau dirisha la nyuma. Nikatoka, miguu ikakataa, nikatapika kwenye tairi. Huyo jamaa yako hajawahi kunywa chai ndani ya gari lake, ndiyo maana anahesabu miaka mitatu.

Tena kuna mtungi wenyewe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, na sakafuni ndiko uliko na pampu, betri na swichi. Zipo hita za gesi zilizotengenezwa kwa ajili ya magari, zenye njia yao ya moshi. Ukishikilia gesi, tafuta hizo, na fundi awe kwenye rejista ya Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa Uingereza. Mwombe kadi na uigeuze: nyuma imeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Kuna wenye kadi ya boila za nyumbani ambao hawaruhusiwi kugusa gesi ya mtungi. Mimi binafsi gesi ndani ya gari la kazi niliiacha siku ile.

Wengi wetu siku hizi tunatumia hita ya dizeli, zile za Webasto na Eberspächer, ambazo asili yake ni kupasha injini ya gari kabla ya kuiwasha. Chumba chake cha moto kimefungwa. Inavuta hewa kutoka nje na kutolea moshi nje, chini ya gari. Moto unapasha kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, kulanti inazunguka kwenye mipira yake, inapita kwenye kibadilisha joto cha sahani, na upande wa pili wa sahani hizo yanapita maji yako ya kuoshea. Hayakutani. Hakikisha sahani ni za chuma kisichoshika kutu, maana maji tuliyoyachuja mpaka mita ya kupima madini inasoma sifuri yana njaa, yanalamba shaba. Na hita ikae baada ya chujio la rezini, zile chembe zinazonasa madini ya mwisho, isitangulie. Rezini haipendi joto.

Muuzaji atakuambia "kilowati 5" kana kwamba amekujibu. Mwulize maji yanapita lita ngapi kwa dakika. Kilowati 5 kwa lita 2 kwa dakika hupandisha joto kama digrii 35, kwa hiyo maji ya tangi yenye digrii 6 yanatoka na 41. Mkiwa wawili, lita 4 kwa dakika, nyongeza inashuka hadi 18 hivi. Halafu toa joto linalopotea kwenye mita 100 za mpira zilizolala juu ya nyasi zenye barafu. Mimi nina kipimajoto cha jikoni, nakiweka kwenye brashi. Namba ya kwenye hita hainihusu.

Dizeli yenyewe, hita inakunywa kama lita 0.6 kwa saa ikiwaka kwa nguvu zote. Ukizima, zima kwa swichi yake, usikate umeme. Feni lazima iendelee dakika chache ipoze chumba cha moto. Na jihadhari na hita za bei poa za mtandaoni: nyingi ni za kupuliza hewa moto, hazipashi maji. Nimeshaona mtu anakata boksi kwa furaha, anakuta feni.

Fundi akimaliza, lala chini ya gari uangalie mwenyewe. Bomba la moshi lisiishie chini ya mlango, lisiguse mpira wa mafuta wala plastiki, na viungo vyake vyote viwe nje ya sakafu. Mbele unapokaa weka kengele ya monoksidi yenye alama EN 50291-2. Hiyo 2 ni ya magari ya kambi na boti, zinazotikisika. Ile yenye 1 ni ya nyumbani. Kisha mpigie wa bima umwambie gari lina hita. Usipomwambia, siku ya ajali atakukumbusha.

Sasa nikushangaze. Kwa tangi la lita 250 na mtu mmoja, mimi nisingekimbilia dizeli. Kama unaegesha uani kwako na una soketi ya nje, weka hita ya umeme ya kuzamisha tangini, ya kilowati 3. Kutoka digrii 6 hadi 40 inahitaji kama uniti 10 za umeme na saa tatu na kitu. Hakuna moto, hakuna moshi. Masharti yake ni haya: iwe na themostati na kikata-joto cha pili, usiiwashe maji yakiwa chini ya koili, itayeyusha tangi la plastiki, soketi iwe na swichi inayokata umeme ukivuja, na waya wa kuunganishia uukunjue wote, ukiuacha umezungushwa kwenye roli yake unapata joto mpaka unayeyuka. Uchomoe kabla ya kuondoka. Nacheka lakini nimemwona mtu ameburuta soketi mpaka barabarani. Na maji hayo yaishe siku ileile: kati ya digrii 20 na 45 ndipo bakteria wa legionella wanapostawi, na brashi yetu inarusha manyunyu unayoyavuta puani. Kama unakaa ghorofa ya tatu na gari unaliacha mtaani, hapo sawa, jikusanyie pesa ya hita ya dizeli.

Kiasi cha joto: yakifika kwenye brashi, mkono wako uvumilie bila kuruka. 35 inatosha, 40 ndiyo mwisho. Vioo vya kisasa vilivyokomazwa havina taabu sana, lakini nyumba za zamani zenye kioo kimoja chembamba ni hatari. Niliwahi kumwagia kioo cha namna hiyo maji ya moto asubuhi ya barafu. Ufa ulikimbia kona hadi kona, ukalia kama kijiti kikavu. Bibi mwenye nyumba alisema kioo kile alikikuta alipozaliwa. Nililipa, na sikurudi kuuliza kama nimebaki kwenye orodha yake. Siku hizi naanza na fremu, kioo kinapata joto taratibu, halafu ndipo napanda.

Uzito sisemi sana: lita 250 ni kilo 250, na hapo hujahesabu tangi, pampu wala wewe mwenyewe. Soma kibao cha uzito kwenye fremu ya mlango, na tangi lifungwe kwa boliti kwenye fremu ya chuma. Mikanda ya kubania mizigo usiitegemee kuzuia kilo 250 ukigonga.

*Shikamoo mjomba. Niko Glasgow. Usiku naacha hita ya feni ndani ya gari ili pampu na chujio visigande. Ni sawa?*

Marahaba. Hapana, mwanangu. Feni ile inahitaji nafasi, nawe umeizungushia matambara, chupa za sabuni na mipira. Tambara moja likianguka juu yake, umekwisha. Fungua bomba la pampu maji yatoke, iendeshe sekunde chache ibaki tupu, na chujio liingize ndani ya nyumba; utando ulio ndani yake ukiganda mara moja umepasuka, na kwa macho huuoni, utaona mita imepanda na vioo vina madoa. Kama kuna umeme karibu, weka hita ya bomba ya wati 80, ile ya kwenye mabanda ya mimea, na uifunge mbali na vitambaa. Mke akilalamika chujio liko bafuni, mwambie ni hadi Machi.