Kupokea wachezaji wapya kwenye klani: jibu kutoka Lubumbashi

Ndugu, umeuliza kama klani yenu ya Clash of Clans (mchezo wa simu ambamo kila mchezaji hujenga kijiji, na klani, yaani makundi ya wachezaji, hupigana vita kwa kushambulia vijiji vya wapinzani) iache mlango wazi kwa kila anayetaka kuingia, au ipigie kura kila jina. Mimi ni naibu kiongozi wa klani ambayo wengi wake ni vijana wa Katuba na Kampemba, hapa Lubumbashi, pamoja na wachache wa Kinshasa, na kwa niliyoyaona njia zote mbili zina kasoro.

Mlango wazi hujaza nafasi 50 upesi, lakini wengi wanaoingia hivyo huomba askari kutoka kwa wenzao, na wakishapewa huondoka usiku uleule bila hata kuaga. Kura nayo huzaa upendeleo: mwenye marafiki wengi ndani hupita, na mchezaji mzuri asiyejulikana huachwa nje. Isitoshe, aliyekataliwa hatachelewa kujua ni nani waliomkataa, na mjini humu tunakutana. Sisi tumechagua kuingia kwa maombi, na watu wawili tu ndio wanaoyajibu.

Ombi lenyewe halisemi mengi, kwa sababu vikombe (alama za ushindi) na ngazi ya kijiji haviwezi kukuonyesha kama mtu atashambulia siku ya vita. Kwa hiyo mgeni hukaa kwanza nje ya vita huku tukiangalia kama anatoa askari au anapokea tu, kisha tunamwingiza kwenye vita vidogo, tuseme vya watu 10 kwa 10. Hapo kila mchezaji ana mashambulizi mawili, na vita vikishaanza huwezi kumweka mwingine mahali pake. Akinyamaza, mashambulizi mawili kati ya 20 yamepotea.

Sasa, kwetu umeme hukatika, simu huzima, mega za intaneti huisha. Klani itakayomfukuza kila aliyekosa shambulio itabaki na viongozi peke yao. Tunachopima ni kama mtu anatoa taarifa. Kijana mmoja, akiwa bado mgeni, aliazima simu ya dada yake na kutuandikia kwenye kundi la WhatsApp: «Huku hakuna umeme tangu asubuhi, namba 6 mpeni mwingine.» Namba 6 ni kijiji cha adui alichopangiwa kushambulia; tulikipangia mshambuliaji mwingine mapema, na vita vikaendelea. Mwingine, mwenye kijiji chenye nguvu kuliko vyetu vyote, alinyamaza vita viwili mfululizo, kisha akauliza ni lini atapandishwa cheo kuwa mzee wa klani! Yule wa kwanza ndiye anayetupangia mashambulizi leo. Wa pili tulimuaga.

Cheo hicho cha mzee msikitoe kama zawadi ya ukaribisho, maana mzee anaweza kukubali maombi na hata kumwondoa mwanachama wa kawaida. Na kama mgeni ameletwa na mwenzenu, huyo aliyemleta ndiye aambiwe kwanza mambo yakienda vibaya. Akizungumza naye mwenyewe, ugomvi hupungua sana.

Mkiwa na watu wa Kinshasa, tangazeni vita kwa saa ya mji mmoja na muutaje, kwa kuwa saa mbili ya usiku kwetu ni saa moja kwao. Mgeni wa huko akichelewa katika vita vyake vya kwanza, muulizeni kwanza alikuwa akifuata saa ya wapi.