Kuwahamisha Pokémon wa Zamani: Anzia Mwisho wa Safari

Mwaka 2003 nilianza kucheza Pokémon Ruby, gemu ya kukamata na kulea viumbe wa kubuni waitwao Pokémon, kwenye Game Boy Advance, nikamchagua Mudkip awe wangu wa kwanza, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekua na kuwa Swampert mwenye utepe wa ubingwa wa Hoenn, nchi ya kubuni ya gemu hiyo. Swampert huyo ninaye mpaka leo. Anaishi ndani ya Nintendo Switch, akiwa na jina lile lile nililompa utotoni na namba ile ile ya utambulisho yenye tarakimu tano. Kumfikisha huko kulinichukua miezi kadhaa, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza mwenyewe, kwa kuwa niliianza kazi kwa kufuata mpangilio wa miaka, kutoka kaseti ya zamani kuelekea mashine mpya, ilhali ilinipasa kuanza kwa kukagua kituo cha mwisho na kurudi nyuma.

Sababu ni kwamba njia hii ina daraja moja jembamba, nalo liko kwenye Nintendo 3DS. Pokémon wote wa kaseti za Game Boy Advance na kadi za Nintendo DS lazima wapitie programu mbili za mashine hiyo: Poké Transporter, inayowatoa kwenye kadi ya gemu, na Pokémon Bank, inayowapokea na kuwakabidhi kwa Pokémon HOME, hifadhi ya mtandaoni inayowafikisha kwenye Switch. Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa tarehe 27 Machi 2023, na tangu siku hiyo mashine ambayo haikuwahi kupakua programu hizo haiwezi tena kuzipata dukani humo. Huduma nyingine za mtandao za 3DS zilikatwa tarehe 8 Aprili 2024. Hizi mbili ziliachwa ziendelee, tena bila malipo, lakini Nintendo yenyewe ilitahadharisha kwamba huenda nazo zikasitishwa siku za mbele. Kwa hiyo kabla hujatafuta DS ya zamani, kabla hujasafisha hata kaseti moja, washa 3DS yako na uhakikishe kwamba programu zote mbili zimo na zinafunguka. Zikiwamo, usizifute kwa sababu yoyote, wala usiirudishe mashine kwenye hali ya kiwandani ati ili iwe nyepesi. Zisipokuwamo, mtafute rafiki aliyezipakua zamani umwombe msaada. Kununua 3DS iliyotumika bila kuziona programu hizo kwa macho yako ni kubahatisha.

Wenye kaseti za Game Boy za kwanza kabisa, yaani Red, Blue, Yellow, Gold, Silver na Crystal, niwaambie mapema ili wasisumbuke: hakuna njia rasmi ya kuwatoa Pokémon humo kwenda mbele. Gemu hizo zinabadilishana Pokémon zenyewe kwa zenyewe, lakini muundo wa taarifa zao ulibadilishwa mno Ruby na Sapphire zilipotoka, hata mlango ukafungwa. Kati ya matoleo ya gemu hizo sita, yaliyouzwa kwa njia ya mtandao kwenye 3DS ndiyo pekee yanayokubaliwa na Poké Transporter. Kaseti hizo za kwanza zina jambo jingine la kuhadhari. Kilichohifadhiwa ndani yake kinashikiliwa na betri ndogo ya duara iliyochomelewa kwenye saketi, na betri ikiisha, kila kitu kinafutika. Mimi niliifungua Gold yangu kwa nia njema kabisa, nikaing'oa betri iliyokuwa karibu kufa na kuweka mpya, nikajipongeza. Nilipoiwasha, menyu ilinipa nafasi ya kuanza upya tu, kana kwamba sijawahi kuigusa. Asiye na kifaa cha kunakili hifadhi ya gemu kabla ya kuchomoa betri, ni afadhali aiache ilivyo.

Ruby, Sapphire na Emerald nazo zina betri, na hapa watu wengi huogopa bure. Ukiwasha Ruby leo, yaelekea sana utakutana na ujumbe kwamba betri ya ndani imeisha, kwamba gemu bado inachezeka ila matukio yanayofuata saa hayatatokea tena. Hilo halina madhara kwa Pokémon wako. Katika gemu hizi betri inaendesha saa tu, na hifadhi imo kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Kwangu matunda niliyoyapanda yalisimama hapo hapo yalipokuwa, lakini Swampert alikuwa mzima. FireRed na LeafGreen hazina hata saa hiyo.

Kituo cha kwanza, basi, ni Nintendo DS ya mwanzo au DS Lite. Lazima iwe moja ya hizo mbili, kwa kuwa ndizo pekee katika ukoo wa DS zenye tundu la kaseti za Game Boy Advance upande wa chini. DSi na 3DS ziliondolewa tundu hilo. Unaweka kaseti ya zamani chini na kadi ya gemu ya DS, yaani Diamond, Pearl, Platinum, HeartGold au SoulSilver, juu, kisha menyu ya mwanzo ya kadi hiyo inakuonyesha chaguo la kuhamisha. Chaguo hilo halionekani mpaka uwe umepata Pokédex ya kitaifa, yaani orodha ya Pokémon wa maeneo yote, na hapa ndipo wengi hukwama wakidhani tundu limeharibika. Nilikuwa nimenunua Pearl iliyotumika, ambayo mwenyewe wa kwanza aliiachia katikati, kwa hiyo ilinibidi niimalize gemu nzima na kuwaona Pokémon wote 150 wa Sinnoh, nchi ya gemu hiyo, ndipo nikaruhusiwa. Kuwaona tu kunatosha, si lazima kuwakamata, lakini bado ni wiki kadhaa za jioni. Ukipata nafasi ya kuchagua, HeartGold au SoulSilver zinakupa Pokédex hiyo mara tu baada ya kuwashinda Elite Four, wapinzani wanne wa mwisho wa hadithi, bila hesabu ya kuona.

Kizuizi kingine kilichonipotezea muda ni cha mbinu za HM, zile za kukufungulia njia, kama kuvuka maji au kukata miti. Pokémon anayejua Surf, Fly, Cut au mbinu nyingine yoyote ya aina hiyo hapokelewi, na Swampert wangu, kama Swampert wa kila mtoto wa wakati ule, alikuwa na Surf na Waterfall. Mbinu hizo hazifutiki kwa kufundishwa nyingine juu yake. Inabidi urudi ndani ya gemu ya zamani, uende Lilycove City kwa mtu anayesahaulisha mbinu, au Fuchsia City kama gemu yako ni FireRed au LeafGreen. Kabla hujafanya hivyo, hakikisha kuna Pokémon mwingine wa kukuvusha maji. Angalia pia kwamba lugha ya kaseti na ya kadi ni moja, na kwamba unaotaka kuwahamisha umewaweka kwenye maboksi ya kompyuta ya ndani ya gemu, si kwenye timu unayotembea nayo.

Niseme pia juu ya kaseti bandia, kwa kuwa soko la gemu zilizotumika limejaa. Kaseti yangu ya pili, Emerald, niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba ni halisi. Ilicheza vizuri siku zote, lakini kila nilipoiweka kwenye DS Lite, Pearl ilijifanya haioni kitu. Niliusugua mdomo wake kwa pamba na spiriti mpaka ukang'aa, bila mafanikio, na nilipoilinganisha na Ruby ndipo nikaona tofauti: juu ya karatasi ya Ruby kuna namba ndogo iliyogandamizwa, ambayo haionekani ila ukiinamisha kaseti kwenye mwanga, na Emerald yangu ilikuwa laini kama kioo. Kwa kadi za HeartGold, SoulSilver na zile za Black na White, gemu za DS zilizofuata, kipimo ni rahisi zaidi, kwa kuwa plastiki ya kadi halisi ni nyeusi inayopitisha mwanga. Ielekeze kwenye taa utaona wekundu wa giza. Iliyo nyeusi tititi au ya kijivu, iache.

Uhamisho wenyewe ni wa Pokémon sita kwa safari moja, na Diamond na Pearl huiruhusu kila kaseti safari moja tu kwa saa 24. Gemu inakuonya kwamba hakuna kurudi, nayo haitanii: wakishaondoka, maboksi ya Ruby yanabaki na nafasi tupu. Kisha unakwenda Pal Park, mbuga iliyomo ndani ya gemu ya DS, na pale sita hao wanaachiliwa porini uwakamate upya. Mipira ya pale haikosi kukamata, kwa hiyo hakuna hatari yoyote, lakini nakiri kwamba Swampert alipojitokeza majini mbele yangu kama mnyama nisiyemjua, kidole kilisita juu ya kitufe. Nilimrushia mpira, ukatikisika, akatulia. Kwenye ukurasa wake tarehe iliyoandikwa ni ya siku hiyo ya kuhama, kwa kuwa Ruby haikuwahi kutunza tarehe ya kukutana. Jina langu la utotoni na utepe vilikuwa palepale.

Kituo cha pili kinahitaji mashine mbili kwa wakati mmoja, na usikimbilie kununua DS ya pili, kwa sababu 3DS yako inatosha kuwa mpokeaji. Kadi ya Black, White, Black 2 au White 2 inakaa kwenye 3DS, na kadi ya Pearl inabaki kwenye DS Lite. Ndani ya Black unakwenda kwenye maabara iliyoko Route 15, ambako hufiki mpaka umalize hadithi kuu, na DS Lite unaiwasha kwenye DS Download Play ili ipokee programu ndogo ya uhamisho kwa mawimbi. Ni sita tena kwa safari, mbinu za HM zinazuiwa tena, na kuna mchezo wa kulenga shabaha ambao mara ya kwanza unafurahisha na mara ya kumi unachosha. Chaji mashine zote mbili kabla ya kuanza. Hapa hakuna kikomo cha saa 24, kwa hiyo safari tano mfululizo zinajaza boksi zima la Pokémon 30, na idadi hiyo ina maana katika hatua inayofuata.

Poké Transporter huchukua boksi la kwanza tu la gemu yako, na hulichukua lote. Wapange humo unaotaka waende, waondoe usiotaka waende, kisha uifungue programu 3DS ikiwa kwenye intaneti. Seva inamkagua kila mmoja, na yule aliyetengenezwa kwa udanganyifu anabaki nyuma, jambo ambalo mnunuzi wa kadi iliyotumika asishangae kulikuta. Waliopita wanatua kwenye boksi la muda ndani ya Pokémon Bank, na lazima uwatoe humo na kuwaweka kwenye maboksi ya kawaida kabla ya kuleta kundi jingine. Kundi langu la pili lilipokataliwa nilidhani mtandao umekatika, kumbe lilikuwa boksi hilo halijafagiliwa. Gemu za 3DS zenyewe, kuanzia X na Y mpaka Ultra Sun na Ultra Moon, hazina mizunguko hii, kwa kuwa Bank inasoma maboksi yake moja kwa moja.

Kutoka Bank kwenda HOME kunahitaji mpango wa kulipia wa HOME, ambao huuzwa kwa siku 30, 90 au 365. Kwa maoni yangu siku 30 zinatosha kama umewakusanya wote Bank kabla ya kulipa. Watu wanaolipa kwanza ndipo waanze kuhangaika na DS Lite wanalipia muda wa kutafuta chaja. Akaunti ya bure hubeba Pokémon 30 tu, ya kulipia 6,000. HOME inakupa ufunguo wa kuhamishia, unauingiza kwenye 3DS haraka kabla haujaisha muda, na maboksi uliyoyachagua yanavuka. Ufunguo huo unaweza kuupata hata kwenye simu, kwa hiyo asiye na Switch bado anaweza kuwaokoa wake leo na kununua mashine baadaye.

Kutoka HOME kwenda kwenye gemu za Switch kazi ni nyepesi, ila si kila Pokémon anapokelewa na kila gemu, kwa hiyo angalia orodha ya gemu husika kabla ya kuinunua kwa ajili ya mmoja tu. Swampert wangu alikubaliwa Sword, na baadaye Scarlet baada ya nyongeza zake kutoka. Alipoingia Scarlet nilimkuta ana mbinu nisizompa, nikashtuka. Kumbe kila gemu inamtunzia seti yake ya mbinu, na aliporudi Sword alizikuta za awali.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama uhamishe wote. Mimi sikuwahamisha wote. Ruby bado ninaiwasha mara moja moja, na kaseti isiyo na mtu wa kukata miti na kuvuka maji haichezeki tena. Aliyebaki ni Linoone mmoja, niliyemjazia Cut, Surf, Strength na Rock Smash kwenye nafasi zake zote nne. Kwa sheria za Pal Park huyo hapiti, nami sikumpeleka Lilycove City kusahaulishwa. Yuko wa kwanza kwenye timu, mbele ya mti wa matunda ambao haujaongezeka hata jani tangu saa ya kaseti isimame.