“Kusuka maziwa” ni sahihi kabisa

Ndugu, umeuliza kama bibi yako anakosea akisema “nasuka maziwa”, wakati kusuka ni nywele. Hakosei hata kidogo. Kusuka hapo ni kutikisa huku na huku. Maziwa yaliyoganda hutiwa kwenye kibuyu, hakijazwi hadi juu ili yapate nafasi ya kugonga, kisha kinatikiswa mbele na nyuma, mbele na nyuma. Chembe za mafuta zinagongana, zinashikana, na mwisho mlio wenyewe unabadilika: siagi imejitenga. Ukiiyeyusha motoni unapata samli. Kinachobaki kibuyuni siagi ikitolewa ndicho mtindi hasa, ingawa siku hizi wengi tunaita mtindi maziwa yoyote ya mgando.

Maana hiyo ya kutikisa ndiyo iliyotupa jahazi kusukwasukwa na mawimbi, na msukosuko, uwe wa ndoa au wa uchumi. Kusuka nywele, ukili au mkeka ni kupishanisha, kitendo kingine kabisa. Nakuomba usimsahihishe bibi. Msikilize, tena mwulize anatumia kibuyu cha namna gani. Rwanda nako kazi hiyohiyo wanaiita gucunda, na kibuyu chake igisabo.