Re: Somo la kiroho kwenye picha za safari

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Umeuliza utapataje somo la kiroho kwenye picha zako bila kubandika tu mstari wa Biblia juu ya machweo. Kwa maoni yangu, anza na kiumbe chenyewe, mstari utafuata.

Nenda kisiwa cha Saanane, hapo hapo Mwanza mjini, boti ni dakika chache. Wahi asubuhi. Pimbi, wale wanyama wadogo wa miambani ambao Biblia huwaita wibari, hutoka kuota jua juu ya majabali, maana miili yao haitunzi joto vizuri. Kaa chini utulie, usiwasogelee. Utamwona mmoja yuko macho, wengine wanakula. Akipiga ukelele tu, wote wanatokomea kwenye ufa wa jiwe. Piga picha ya ule ufa pia, si ya pimbi peke yake. Kisha soma Mithali 30:26, mnyama dhaifu mwenye makao mwambani. Picha ya namna hiyo hunipeleka kwenye maombi kuliko machweo yoyote (na machweo ya ziwa letu nayapenda sana).

Taa za wavuvi wa dagaa nazo zina neno. Beba stendi ya kamera, na uchague usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wengi hawaingii ziwani.