Barua kwa mwanangu: mtoto anayetolewa nje ya darasa

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Umeniuliza: "Mama, mtoto tuliyepangiwa kumwangalia skuli anapiga kelele kila siku. Mwalimu anamwadhibu kwa kumtoa nje, na kelele zinazidi. Je, wako watoto wasiosikia adhabu?"

Huenda hapo hapajatolewa adhabu hata moja. Katika uchambuzi wa tabia, somo unalolisoma, adhabu haijulikani kwa ukali wake wala kwa nia ya mwenye kuitoa. Hujulikana kwa kinachofuata: tabia ikipungua, tokeo lile lilikuwa adhabu, ikizidi, lilikuwa kiimarishi, hata kama mwalimu alikunja uso. Mtoto aliyelemewa na kuandika akipiga kelele akatolewa nje, ameondolewa kwenye daftari. Huo ni uimarishaji hasi, na ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza kwenye mtihani. "Hasi" hapa ina maana kitu kimeondolewa, haina maana ya ubaya. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, siku zote huzidisha tabia.

Hata hivyo hiyo bado ni dhana yangu. Pengine anatafuta kicheko cha wenzake, au karipio la mwalimu, kwani kukaripiwa nako ni kuangaliwa. Usichague jibu kabla hujahesabu.

Anza na fasili. "Anasumbua" haihesabiki. Andika hivi: sauti yoyote ya mdomo isiyoombwa na mwalimu, inayosikika umbali wa madawati mawili, kukohoa, kupiga chafya na kujibu suali havimo, sauti mbili ni matukio mawili iwapo zimetenganishwa na kimya cha sekunde 3 au zaidi. Mpe mwenzako aisome bila ya wewe kumfafanulia, muhesabu pamoja kipindi kimoja. Mkitofautiana sana, tengeneza fasili kwanza kabla hujamlaumu mwenzako.

Siku mbili za mwanzo kaeni darasani bila kuandika chochote. Mtoto akiona wageni na kalamu hubadilika, na data za siku hizo hazifai. Kisha hesabu, na kila mara andika urefu wa muda. Kelele 12 kwa dakika 40 ni 0.3 kwa dakika. Kelele 12 kwa dakika 30 ni 0.4. Asiyeandika dakika ataziona siku hizo mbili sawa.

Mwalimu wenu wa chuoni amewatajia njia ya kugawa kipindi katika vipande vya sekunde 10. Ukitia alama kila kipande ambacho kelele imesikika japo kidogo, utaiona tabia ni kubwa kuliko ilivyo. Ukitia alama pale tu ilipojaza kipande chote, utaiona ni ndogo. Kwa kelele fupi fupi kama hizi, kuhesabu matukio ni bora.

Angalau theluthi moja ya vipindi muhesabu watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana karatasi. Wewe ukipata 18 na mwenzako 20, gawa ndogo kwa kubwa: asilimia 90. Kawaida hutakiwa isipungue 80. Lakini usiridhike na jumla, maana mnaweza kufika 18 na 20 kwa kuhesabu kelele tafauti. Linganisheni dakika kwa dakika, hapo uongo hujitokeza.

Sambamba na hesabu, weka karatasi ya safu tatu: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Andika ulichokiona tu. "Mwalimu alisema toeni madaftari, mtoto akapiga kelele mara mbili, akatolewa nje dakika 6" inafaa. "Alikasirika" haifai. Tuseme katika matukio 15, 11 yametangulizwa na kazi ya kunakili ubaoni, na mengi yakaishia nje: dhana ya kukimbia kazi imepata nguvu. Hata hivyo huo ni uhusiano tu. Mtafiti Iwata na wenzake, mwaka 1982, waliposhughulikia watoto wanaojiumiza, walipanga hali mbalimbali kwa makusudi, kama kumpa mtoto kazi, kumsemesha kila akijiumiza, kumwacha peke yake na kucheza naye, wakaona tabia inapanda katika hali ipi. Wewe usilifanye hilo kwa mtoto wa watu bila msimamizi aliyesomea. Mwaka wa pili wa masomo si wakati wake.

Na jambo ambalo vitabu hulipita haraka: kabla ya yote, mwambie mwalimu amkalishe mbele. Kama kelele zinatoka wakati wa kunakili ubaoni, huenda haoni. Macho na masikio yapimwe kwanza. Mtoto asiyeona maandishi hatibiwi kwa viimarishi.

Ikithibitika anakimbia kazi, kumlazimisha tu abaki darasani hakutoshi. Kiimarishi kilichozoeleka kikikatwa, kelele kwa kawaida huongezeka kwanza. Mwalimu akichoka siku ya pili akamtoa, amemfundisha kwamba kelele kubwa ndiyo inayofungua mlango. Na akimtoa leo, kesho asimtoe, tabia hukaa sana: mvuvi wa mshipi haachi kutupa ndoana kwa sababu mitupo kumi imetoka patupu, kwani samaki huja bila ya hesabu.

Kwa hiyo mfundishe njia nyingine ya kupata kile kile. Watafiti Carr na Durand, mwaka 1985, walionesha kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au kuuliza kuhusu kazi yao walipunguza vurugu, pale ombi lilipolingana na sababu ya vurugu yenyewe. Mpe kikadi cha "nisaidie". Kwa siku za mwanzo kila akikiinua ajibiwe papo hapo, na kazi ikatwe: mistari 3 badala ya 10, kisha 4, kisha 5. Kikadi kisipojibiwa, atarudi kwenye kelele, na atakuwa na haki.

Usimnyang'anye kikadi ili kuona kama kelele zitarudi. Alichojifunza hakifutiki kwa amri, na kumrudisha kwenye taabu kwa ajili ya ripoti yako sikubali. Badala yake, anza kukitumia kikadi kwenye Hisabati peke yake. Kiswahili na Kiingereza ziache kama zilivyo, uzianze baadaye moja moja. Kelele zikishuka kila somo pale tu kikadi kilipoingia, umeonesha kwamba kikadi ndicho kilichofanya kazi. Chora nukta za kila siku. Wastani peke yake huficha mengi. Nukta za kabla ya kikadi zikiwa tayari zinashuka, ngoja zitulie ndipo ukiingize.

Katika ripoti usiandike kwamba ana ugonjwa wowote. Huna ruhusa ya kumpa jina hilo na litamfuata. Ruhusa ya mzazi na ya mwalimu mkuu iwe kwa maandishi, na jina la mtoto lisitokee popote, hata kwenye simu yako.

Ukipata siku 5 za mwanzo nitumie picha ya grafu na ile karatasi ya safu tatu, kabla hujamwambia mwalimu ulichokigundua. Nataka kuona hasa dakika anazokaa nje, na anachokifanya huko.

Wasalaam,
Mama yako