Hawakuona au hawajaona?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu chembe zinazovunjika kwa njia adimu niliandika, "Wanafizikia hawakuona tau ikivunjika kuwa muoni tatu." (Tau na muoni ni chembe za jamii ya elektroni, ila nzito zaidi.) Mhariri akaweka "hawajaona". Je, si mamoja?

JIBU: Si mamoja hata kidogo, na mhariri wako amefanya vyema. "Hawakuona" huzungumzia wakati uliokwisha. "Hawajaona" humwambia msomaji kwamba mpaka sasa bado, na huenda wakaona. Anayesema "mgeni hakuja" ameshakunja jamvi. Anayesema "mgeni hajaja" angali anatazama mlangoni. Mvunjiko huo wa tau ungali unatafutwa, kwa jaribio la Belle II huko Japani na kwa LHC, mashine ya kugonganisha chembe ya maabara ya CERN huko Ulaya, kwa hiyo mlango uko wazi.

Hata hivyo usiifute "-ku-" kila mahali, maana katika fani hii ina kazi yake halali. Chukua mesoni ya B-s, chembe nyingine isiyodumu, inayovunjika kuwa muoni mbili. Nadharia inakadiria kwamba katika mesoni bilioni moja, kati ya 3 na 4 tu ndizo hufanya hivyo. Kundi la LHCb, mojawapo ya makundi ya wanafizikia wa LHC, lilipochambua data za 2011 halikuona dalili za kutosha, likatangaza kikomo cha juu: kwa uhakika wa asilimia 95, hazizidi 4.5 katika bilioni. Hapo "halikuona" ni sahihi kabisa, kwa kuwa data zile zina mwanzo na mwisho. Lakini Novemba mwaka 2012, likiwa na data zaidi, kundi hilohilo lilitoa ushahidi wa kwanza, na mwaka 2015 LHCb na CMS, kundi jingine la LHC, wakachapisha kwa pamoja kwamba wameona.

Kinachonisumbua zaidi ni "hakuna". Nakutana nalo mara nyingi katika habari za sayansi: jaribio limetoa kikomo, mwandishi anaandika kwamba jambo lenyewe halipo. Kikomo cha juu hakisemi hivyo. Kinasema kwamba likiwapo, ni adimu kuliko kiwango fulani. Aliyeandika "hakuna" kuhusu mesoni ya B-s mapema mwaka 2012 aliumbuliwa kabla mwaka haujaisha. Aliyeandika "bado haijaonekana" alikuwa mkweli siku ile, na ugunduzi wa baadaye haukumuumbua.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Katika data walizochambua, wanafizikia hawakuona tau ikivunjika kuwa muoni tatu, na mpaka sasa hakuna jaribio lililowahi kuiona ikifanya hivyo."